Mbuzi, Mwanakondoo na Majina ya Mitaa ya Eastlands

Matatu ikitoka Muthurwa na kushika Jogoo Road, kondakta huita vituo kwa haraka: Burma, Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Maringo, Jericho. Abiria husikiliza pa kushukia tu. Lakini kipande hicho cha Nairobi kimebeba majina ya wanaume wanne waliouawa katika muda usiofika miaka 10. Mtaa wa Mbotela ni wa Tom Mbotela, aliyeuawa Novemba 1952. Ofafa Maringo na Ofafa Jericho zina jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Mtaa wa Kimathi ni wa Dedan Kimathi, aliyenyongwa Februari 1957. Jericho Lumumba ni ya Patrice Lumumba wa Kongo, aliyeuawa Januari 1961. Katikati yao kuna mtaa wa Jerusalem, na jirani, Bahati, kuna kanisa la PCEA linaloitwa Bahati Martyrs, la mashahidi wa imani.

Mbotela na Ofafa walikufa mikononi mwa watu walioaminika kuwa Mau Mau, vuguvugu la kiapo la kupinga ukoloni. Kimathi alikuwa kiongozi wa Mau Mau, akauawa na serikali ileile iliyowapa wale wawili mitaa. Lakini ukisikiliza jinsi walivyoombolezwa, na jinsi wanavyotajwa hadi leo, lugha ni moja kwa wote: lugha ya madhabahu, ya damu iliyotolewa ili wengine wapone. Namna lugha hiyo ilivyoingia Eastlands, na kazi iliyowafanyia wenye mamlaka na wasio nayo, ni historia inayostahili kusimuliwa hatua kwa hatua.

Haikuzaliwa Nairobi. Aprili 1756 George Washington, kijana wa miaka 24 aliyeongoza askari wa Virginia, alimwandikia Gavana Robert Dinwiddie kwamba yu tayari kujitoa kafara kwa adui mchinjaji iwapo hilo lingewapa raia nafuu. Novemba 1787 Thomas Jefferson, akiwa balozi wa Marekani mjini Paris, alimwandikia William Stephens Smith kuhusu uasi wa wakulima wa Massachusetts. Alisema mti wa uhuru hauna budi kunyweshwa mara kwa mara damu ya wazalendo na ya madhalimu. Mabwana hao walikuzwa na vitabu vya Wagiriki na Warumi pamoja na Biblia. Madhabahu waliyoyataja yalikuwa ya kwenye karatasi. Hakuna kati yao aliyewahi kumchinjia mungu fahali. Tena huyo Jefferson wa mti wa uhuru alimiliki watumwa mashambani kwake, na damu yao hakuiingiza katika hesabu.

Nairobi ilikuwa na jambo ambalo barua za Wamarekani hazikuwa nalo. Hapa mbuzi alikuwamo chumbani.

Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alichapisha London kitabu cha Facing Mount Kenya, kilichotokana na masomo yake kwa Profesa Bronislaw Malinowski. Alieleza humo kwa utaratibu jinsi wazee wa Kikuyu walivyotoa sadaka ya mvua chini ya mti wa mugumo: kondoo wa rangi moja asiye na kilema, watoto ambao bado hawajaijua dhambi, maziwa na pombe ya asali vikimwagwa shinani, nyuso zikielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Alieleza pia viapo vya zamani vya kukata kesi, kikiwemo cha thenge, beberu anayevunjwa mifupa huku mwenye kuapa akijiombea apatwe na hayohayo akisema uongo. Ilikuwa kazi ya mwanazuoni, lakini ukurasa wa mwanzo ulikuwa wa mwanasiasa. Katika kukitabaruku kitabu, Kenyatta aliwataja wafu, walio hai na watakaozaliwa, akiamini kwamba wataungana kuyajenga upya madhabahu yaliyobomolewa. Kabla Nairobi haijasikia neno Mau Mau, mhusika mkuu wa siasa yake alikwisha kuziweka ardhi, sadaka na dola katika sentensi moja.

Wakati huo wanachama wa Kikuyu Central Association waliapa kwa Biblia mkono mmoja na udongo mkono wa pili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Biblia ikaondoka, nyama ya mbuzi ikashika nafasi yake. Badiliko hilo lilifanywa na watu walioijua Biblia vizuri. Mmoja wao ni Bildad Kaggia, aliyelitumikia jeshi la Mfalme Mashariki ya Kati na Uingereza, akarudi nyumbani na maswali ambayo wamishenari hawakuyapenda. Alianzisha dhehebu lake, watu wakaliita Dini ya Kaggia. Kisha akaingia vyama vya wafanyakazi na kukutana na Fred Kubai, mwana wa jiji aliyewafahamu madereva, makarani na vibarua wa Pumwani na Shauri Moyo kwa majina.

Watu kama hao ndio walioipeleka siasa mbele Eastlands. Jiji lilipopewa hati yake ya kifalme Machi 1950, vyama vya wafanyakazi viliwataka Waafrika wasishangilie. Tarehe 23 Aprili mwaka huohuo, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa chama cha Kenya African Union (KAU) na chama cha Wahindi akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wiki tatu baadaye yeye na Kubai walikamatwa, na mgomo mkuu ukaliziba jiji kwa siku kadhaa. Juni 1951 Kubai na Kaggia wakalitwaa tawi la KAU la Nairobi, Kubai mwenyekiti, Kaggia katibu. Ukumbini Kaloleni walizungumza mishahara, kipande na kodi. Usiku, vyumbani, kulikuwa na kikao cha aina nyingine.

Masimulizi ya walioapa yanalingana katika mambo makuu. Mtu aliitwa na jirani au mfanyakazi mwenzake bila kuambiwa kinachomngoja. Mlangoni alikuta walinzi. Ndani, taa imepunguzwa, vimesimamishwa vigogo vya migomba na mabua ya miwa kuwa tao. Alivua viatu, saa na kila kitu cha chuma, akapita chini ya tao mara saba. Alionjeshwa nyama ya mbuzi, akapakwa damu iliyochanganywa na udongo, akarudia maneno baada ya mwapishaji: kwamba akiuza ardhi kwa mgeni, akiwataja wenzake kwa polisi, akikataa kuitikia mwito, kiapo kimuue. J. M. Kariuki, aliyeapa mwaka 1953 na kuandika habari zake miaka 10 baadaye, alisema alitoka huko akijiona amezaliwa upya.

Kijijini tambiko hilo lilikuwa na mugumo wake, mto wake na wazee wake. Katika chumba cha Kariokor au Ziwani, ambamo watu wanne walilala zamu, mbuzi alipaswa kuingizwa kwa siri na kuchinjwa kimya, na kila chembe ya damu kufutwa kabla hakujapambazuka. Waapishaji walikuwa madereva wa teksi na makarani, wala si wazee wa mbari. Hapo ndipo sadaka ya ukoo ilipogeuka kuwa chombo cha chama. Mtu hakuwa tena anamwomba Ngai mvua. Alikuwa anatia sahihi mkataba na watu asiowajua, na mbuzi ndiye muhuri.

Maandishi nayo yaliifuata njia hiyo. Mwaka 1952 Gakaara wa Wanjau alichapisha imani ya Gikuyu na Mumbi, iliyofuata mpangilio wa Imani ya Mitume inayokaririwa makanisani. Vijitabu vya nyimbo viliuzwa mjini, sauti za tenzi za misheni zikiwa zimevishwa maneno ya ardhi na ya Kenyatta. Polisi Mzungu aliyepita dirishani Jumapili aliweza kudhani ni ibada. Gakaara alikamatwa katika msako wa mwanzo wa hali ya hatari, Oktoba 1952, na kukaa kizuizini miaka mingi.

Wakati mbuzi anachinjwa chumba hiki, chumba cha pili waliimba mwanakondoo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulikuwa umefika Kenya kabla ya mwisho wa miaka ya 1930, na wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza, wenye kuitukuza damu ya Mwanakondoo, uliimbwa na watu wa makabila yote. Ndugu wa uamsho, ambao Wakikuyu waliwaita ahonoki, waliokoka, walikataa kiapo kwa hoja iliyotoka katika lugha ileile ya kiapo: wamekwisha kuoshwa kwa damu moja, hawawezi kuongeza nyingine. Wengi walipigwa kwa jibu hilo, na baadhi waliuawa. Huko Murang'a lilijengwa kanisa la kuwakumbuka, ambalo sasa ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, na mchoraji Elimo Njau akalipamba kwa picha za Kristo katika mandhari ya migomba na vibanda vya Kikuyu. Walioapa na waliokataa walielewana kabisa juu ya nguvu ya damu. Walitofautiana ni damu ya nani.

Serikali nayo haikukaa nje ya madhabahu. Mau Mau ilikuwa imepigwa marufuku Agosti 1950, lakini sheria haikuvunja kiapo kifuani mwa mtu. Kwa ushauri uliopata nguvu kutoka kwa watu kama Louis Leakey, mwana wa mmishenari aliyekulia Kabete na kukijua Kikuyu, machifu waliandaa viapo vya kutakasa. Walileta githathi, jiwe lenye matundu saba, na thenge, watu wakaamriwa kutapika kiapo cha kwanza kwa kula cha pili. Walowezi wakawabandika wazee waliolipwa kwa kazi hiyo jina la waganga wa Malkia. Dola iliyowahukumu watu kwa ushenzi wa mbuzi ilikuwa inanunua mbuzi kwa fedha za umma.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na Kenyatta, Kaggia, Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko wakapelekwa Kapenguria kushtakiwa. Waliobaki Eastlands walibaki na swali la nani yuko upande gani. Tom Mbotela aliwahi kuwa makamu wa rais wa KAU. Alitoka katika ukoo wa Freretown, Mombasa, wa watumwa waliokombolewa, ukoo uliowapa Waswahili kitabu cha Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela. Alipinga kiapo na umwagaji damu waziwazi. Usiku wa tarehe 26 Novemba 1952 aliuawa alipokuwa akirudi nyumbani, karibu na soko la Burma. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Ambrose Ofafa, diwani na mtunza hazina wa chama cha Luo Union.

Vifo hivyo viligeuzwa hoja papo hapo. Serikali iliwaita mashahidi wa amani, na ilipojenga mitaa mipya ya Waafrika katikati ya miaka ya 1950 ikaipa majina yao. Kila mpangaji aliyetaja anwani yake alikuwa, apende asipende, analitaja shtaka dhidi ya Mau Mau. Luo Union ilichagua njia nyingine. Badala ya kisasi ambacho wakoloni wengi walikitarajia, ilichangisha fedha na kujenga Ofafa Memorial Hall mjini Kisumu, na ukumbi huo ukawa kituo cha siasa za kudai uhuru. Marehemu mmoja alikuwa na makumbusho mawili, na kila moja lilisema alikufa kwa ajili ya jambo lake.

Kisha ikaja tarehe 24 Aprili 1954. Kabla ya alfajiri Jenerali George Erskine alilizingira jiji kwa askari na polisi wapatao 25,000 katika Operesheni Anvil. Wakazi wa Eastlands waliamshwa kwa vipaza sauti, wakaambiwa wachukue mzigo mmoja tu, wakakalishwa chini kwa safu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine. Mbele yao alisimama gakunia, mtu aliyefunikwa gunia tangu kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Safu ilipita mmoja mmoja. Akitikisa kichwa namna hii, unakwenda nyumbani. Namna ile, unapanda lori kwenda Lang'ata, na kutoka Lang'ata kwenda Mackinnon Road au Manyani. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa. Hakukuwa na hakimu wala shahidi mwenye jina. Wengi waliopanda malori walikuwa mbuzi wa kafara kwa maana tunayoitumia kila siku: walilipia makosa ambayo hakuna aliyejisumbua kuthibitisha kwamba ni yao. Hawa hawana mtaa.

Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kuna Kimathi wawili wa siku za mwisho. Mmoja ni yule anayenukuliwa kila mahali, aliyemwambia mkewe Mukami kwamba hajuti na kwamba damu yake itaunywesha mti wa uhuru. Ni mti wa Jefferson, sasa umeota gerezani Kamiti. Wa pili yumo katika barua aliyomwandikia Padre Marino wa misheni ya Katoliki ya Nyeri usiku wa kuamkia kifo chake. Huyo hataji mti. Anasema yumo katika maandalizi ya kwenda mbinguni, anawaza habari za mama yake na mkewe, na anaomba mwanawe asaidiwe kusoma. Wa kwanza ndiye tuliyemchukua, maana anatupa cha kusemea jukwaani. Wa pili anatupa kazi ya kufanya, na kazi hiyo haikufanywa kwa bidii ileile. Mukami alifariki Mei 2023, miaka 66 baada ya kunyongwa mumewe, bila kuonyeshwa kaburi lake.

Bendera inaonyesha jinsi mabadiliko yalivyopita. Julai 1952, mbele ya maelfu ya watu Nyeri, Kenyatta alieleza rangi za bendera ya KAU. Nyekundu, alisema, ni ishara kwamba damu ya Mwafrika ina rangi ileile ya damu ya Mzungu. Ilikuwa damu iliyo mwilini, hoja ya usawa. Bendera ya taifa ilipopandishwa Desemba 1963, nyekundu ilikuwa damu iliyomwagika katika kupigania uhuru. Katikati ya bendera hizo mbili watu 1,090 walinyongwa kwa makosa ya Mau Mau, maelfu waliuawa misituni na vijijini, na raia Waafrika zaidi ya 1,800 waliuawa na Mau Mau wenyewe. Raia Wazungu waliouawa walikuwa 32.

Damu iliyomwagika inazaa deni, na deni lina wadai. Serikali mpya ililiona hilo mapema. Kenyatta alirudia kwamba sote tulipigania uhuru, kauli iliyolisambaza deni kwa watu wote hata lisiweze kudaiwa na yeyote. Kaggia alipoendelea kudai ardhi ya bure kwa wasio na ardhi, Kenyatta alimwaibisha hadharani Kandara, Aprili 1965: wenzako tuliofungwa nao wana mashamba na biashara, wewe umejifanyia nini? Mtu aliyesaidia kuupanga umoja wa kiapo Nairobi aliishia kuendesha kinu cha posho, akafariki mwaka 2005. Mau Mau yenyewe ilibaki chama haramu kisheria hadi 2003. Watu walikaa mtaa wa Kimathi, wakalipa kodi ya nyumba, huku jeshi la Kimathi likiwa bado limepigwa marufuku kwa sheria ya mkoloni.

Mbuzi mwenyewe alirudi mara moja zaidi. Waziri Tom Mboya alipouawa Julai 1969 na utawala kuhofia uchaguzi, malori na mabasi yalianza kuwabeba Wakikuyu kwenda Gatundu, nyumbani kwa Kenyatta. Iliitwa kwenda kunywa chai. Waliapishwa kwamba urais hautatoka mikononi mwa Wakikuyu. Kiapo cha kuing'oa dola kilikuwa sasa cha kuilinda, na makanisa, PCEA likiwa mbele, yalikipinga hadi kikasimamishwa.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliliona tatizo hili mapema. Riwaya yake ya 1967, A Grain of Wheat, imechukua jina kwa punje ya ngano ya Injili ya Yohana, isiyozaa isipokufa. Ndani yake kijiji kizima kinajiandaa kumheshimu shujaa wa kujitoa, na yule wanayetaka ahutubie ndiye aliyemsaliti. Ngũgĩ hakuikejeli sadaka. Alionyesha kwamba kijiji kilichoridhika na lugha ya sadaka kilikuwa hakijauliza kilichotokea.

Hilo ndilo somo la Jogoo Road. Ukisema mtu alitoa damu yake kwa ajili ya taifa, umemfanya mtoaji, na mtoaji hana muuaji. Mbotela anakuwa ametoa, Ofafa ametoa, Kimathi ametoa, na waliochomoa visu, waliofyatua risasi na waliovuta kamba wanatoweka katika sentensi. Ndiyo maana serikali mbili zilizopingana ziliweza kuitumia lugha hiyohiyo bila kubadili neno. Uingereza ilipokiri mateso Juni 2013 na kukubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, haikusukumwa na hotuba za mashujaa. Ilisukumwa na wazee waliokwenda mahakamani London kueleza nani aliwafanya nini, wapi na lini, na nyaraka zilizowaunga mkono.

Leo tena, tangu maandamano ya Juni 2024, vijana waliopigwa risasi wanaitwa mashujaa waliomwaga damu yao kwa ajili ya katiba. Jina hilo ni la heshima na wanalistahili. Lakini ndugu zao wanaokwenda mahakamani hawaombi jina la mtaa. Wanaomba kujua ni askari gani aliyefyatua, kwa amri ya nani, na kesi itasikilizwa lini. Eastlands imekwisha kuwa na mitaa ya kutosha yenye majina ya watu ambao swali hilo halikuwahi kuulizwa kwa niaba yao.